Mafunzo Niliyopata Nikipima Watoto, Kutoka Baraka Hadi Minembwe

Kazi yangu ni kupima watoto. Nimepima Baraka, huko Fizi, Kivu Kusini ya Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako jasho humlowanisha mtoto kabla zamu yake haijafika. Nimepima Minembwe, kwenye nyanda za juu zaidi ya meta 2,000, ambako mama hasiti kugombana nawe ukimwambia amvue mtoto sweta. Na kwa kuwa ukoo wetu umetawanyika Kenya, Burundi na Marekani, hata simu za usiku huniletea shauri lilelile: mtoto hakui sawasawa, je, maziwa yangu yanatosha? Anayelala chini ya turubai anauliza. Mwenye friji lililojaa naye anauliza.

Nimewasikiliza wote, na nimesoma walichoandika wataalamu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini huanza safari pamoja kwenye titi la mama. Kinachowatenganisha baadaye hakitoki kwenye titi. Mafunzo yangu ni haya.

1. Miezi ya mwanzo haina tajiri wala maskini

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo tatu hivi, akawekwa kifuani saa ileile na akanyonya kila alipotaka, hukua Baraka kama anavyokua Brussels. Siku za kwanza hupungua kidogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na wiki ya pili huwa amerudi alipoanzia. Baada ya hapo mshale wa mizani hupanda. Nimening'iniza kwenye mizani mtoto ambaye mama yake alikimbia kijiji bila hata sufuria, na katika mwezi wa tatu mapaja yake yalikuwa na mikunjo. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, wakamuuliza mama anakula nini. Alikuwa anakula muhogo na sombe, yaani majani yake.

Wataalamu waliona hayohayo. Mwingereza Roger Whitehead, aliyefanya kazi katika kitengo cha utapiamlo cha Kampala kabla ya kwenda kuongoza maabara ya lishe ya Cambridge mwaka 1973, alilinganisha na wenzake watoto wa Cambridge na wa Keneba, kijiji cha Gambia. Wa Keneba walikua vizuri kwa miezi kama mitatu, ndipo mstari wao ulipoanza kulala.

Wanaoanza nyuma ni waliozaliwa wadogo, chini ya kilo mbili na nusu. Hao umaskini uliwapata wangali tumboni: malaria ya mama, njaa ya mama, mizigo iliyobebwa hadi mwezi wa tisa.

2. Chati nayo ina kwao

Binti wa dada yangu alinipigia kutoka Marekani, sauti imejaa wasiwasi. "Mama mdogo, mtoto alikuwa anapanda vizuri, sasa ana miezi mitano na mstari unalala. Watoto wa jirani wanaokunywa chupa wamempita." Nilimwomba anitumie picha ya chati, kisha nikamwuliza: anacheka? Anakojoa mara nyingi? Anageuka mwenyewe? Yote ndiyo. Nikamwambia mtoto ni mzima, kinachohitaji kuulizwa ni chati.

Chati iliyotawala dunia kuanzia miaka ya 1970 ilichorwa, kwa upande wa watoto wachanga, kutokana na watoto wa eneo moja la jimbo la Ohio waliopimwa kati ya 1929 na 1975. Wengi wao walilelewa kwa chupa, na mtoto wa chupa huongezeka uzito haraka zaidi baada ya miezi michache ya mwanzo. Kathryn Dewey na wenzake walifuatilia watoto wa mji wa Davis, California, wakakuta kwamba kufikia mwaka mmoja mtoto wa titi huwa mwepesi kuliko wa chupa kwa zaidi ya nusu kilo, hali ana afya njema. Kwa miaka mingi, basi, akina mama waliokuwa wakinyonyesha vizuri waliambiwa maziwa yao yamepungua, wakaanzisha uji au chupa kabla ya wakati. Tajiri aliweza kumudu kosa hilo kwa sababu maji yake ni safi. Maskini alilipa kwa kuhara kwa mtoto.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya. Walipimwa watoto wapatao 8,500 wa Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Davis na Muscat. Watoto waliofuatiliwa tangu kuzaliwa walikuwa wa titi. Kwenye chati hiyo mvulana wa kati na kati ana kilo 7.9 akifikisha miezi sita na 9.6 akifikisha mwaka. Msichana ana 7.3 na 8.9. Hata hivyo namba moja haitoshi kumhukumu mtoto. Tazama mstari unaelekea wapi mwezi hadi mwezi.

3. Maziwa hufuata kinywa cha mtoto

Mama mwembamba wa nyanda za juu akija kwangu, mara nyingi huwa amekwisha kuambiwa na mama mkwe kwamba kwa mwili ule hana maziwa. Kivu yetu yenyewe imetoa jibu ambalo dunia imelisoma. Watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi hapa miaka ya 1970, Pierre Delvoye na wenzake, waliwapima damu wanawake wa vijijini wanaonyonyesha. Waliokuwa wakinyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku walibaki na kiwango cha juu cha prolaktini, homoni ya maziwa, kwa mwaka mzima na zaidi. Kwa wale wa mara chache homoni ilishuka mapema. Titi linalonyonywa ndilo linalojaa.

Kule Keneba waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha ziada wakitarajia maziwa yaongezeke. Maziwa hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Aliyefaidika ni mama mwenyewe. Hapo nimejifunza namna ya kusema na waume. Siwaambii tena, "Mlishe mkeo ili mtoto apate maziwa." Nawaambia, "Mlishe mkeo kwa sababu mwili wake unatoa hata anapopungukiwa, na anayeumia ni yeye."

Kwa hiyo mama akisema maziwa ni kidogo, sikimbilii chakula chake kwanza. Namwomba amnyonyeshe mbele yangu. Mara nyingi mtoto ameshika ncha ya chuchu tu, midomo imekunjwa ndani, mashavu yanabonyea. Tunamgeuza tumbo kwa tumbo, tunangoja afungue kinywa sana, ndipo anashika sehemu kubwa ya weusi wa titi. Kinachofuata ni sauti ya kumeza.

4. Joto la Baraka si sababu ya kutoa maji

Mchana wa Baraka unachoma, na bibi yeyote mwenye huruma humwona mjukuu ana kiu. Lakini maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji tone la kitu kingine, na tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo. Katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara na watu wengi huchota ziwani, kijiko cha maji ni hatari ambayo mtoto hakuihitaji.

Hadithi ya maziwa ya kopo ni hiyohiyo. Daktari Cicely Williams, ambaye katika miaka ya 1930 aliueleza ugonjwa wa kwashakoo kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, alisimama Singapore mwaka 1939 akasema wazi kwamba kuwatangazia maskini maziwa ya viwandani ni kuua watoto. Dunia ilichelewa hadi 1981 kupitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo. Dukani Baraka kopo bado linapangwa juu ya rafu, mahali pa heshima. Mwenye fedha hununua kopo zima. Asiye nazo hununua unga wa maziwa uliofungwa kwenye kijimfuko, kisha huongeza maji ili udumu wiki nzima.

5. Kijiji tajiri kinaweza kuwa maskini kwa msimu mmoja

Minembwe ya ng'ombe ilikuwa na utajiri wake. Maziwa yalikuwa chakula, malipo na heshima. Watu wa chini walipanda na mawese, chumvi na unga wa muhogo. Wa juu walishuka na siagi, maharage na viazi. Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu walilishana kwa njia hiyo hata walipokuwa hawapendani.

Vita vilipochacha kuanzia 2017 ng'ombe waliibwa kwa makundi, vijiji vilichomwa pande zote, na njia za sokoni zikafungwa. Kwenye mizani nilitarajia watoto wachanga ndio wataporomoka kwanza. Sivyo ilivyokuwa. Wa miezi miwili walisimama. Walioporomoka ni wa mwaka mmoja hadi miwili, ambao sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa gudulia la nyumbani na soko la Jumamosi. Titi lilikuwa mali pekee ambayo mama alikimbia nayo.

Nataka nieleweke kuhusu maziwa ya ng'ombe. Kumpa mtoto wa miezi miwili ni kosa, hata kwa mfugaji: yana madini ya chuma kidogo, yanaweza kuumiza matumbo, na yanachukua nafasi ya titi. Lakini kwa mtoto aliyeanza kula, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa juu ya chakula chake ni msaada mkubwa kwa urefu. Kinachojalisha ni umri.

6. Pengo hufunguka kwenye sufuria ya uji

Kama ningepewa dakika moja tu ya kusema na kila mama wa Fizi, ningezungumzia sufuria.

Kuanzia miezi sita titi peke yake halitoshi tena. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inaisha, na mwili unadai zaidi. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, wa miezi tisa hadi 11 anahitaji 300, na wa mwaka wa pili 550, pamoja na titi linaloendelea. Tumbo lake nalo ni dogo: kwa mtoto wa kilo nane linabeba kiasi cha kikombe kimoja. Ukijaza kikombe hicho uji mwepesi wa muhogo, mtoto ameshiba maji. Analala, mama anafurahi, na mstari unalala pamoja naye.

Kipimo changu ni kijiko. Namwomba mama achote uji, kisha akiinamishe kijiko. Ukitiririka kama maji ya kunawa, tunarudi jikoni. Unatakiwa ushike kijiko na kudondoka polepole. Halafu nauliza kilichomo. Mara nyingi ni unga wa muhogo na sukari kidogo, na mama anaona amefanya vizuri kwa sababu sukari ni ghali. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba yake ndagala, yaani dagaa, wanakaukia kwenye wavu. Ukiwachukua, ukatoa mchanga, ukawatwanga mpaka wawe unga, kijiko kimoja ndani ya uji humpa mtoto kile ambacho sukari haiwezi kumpa. Ongeza karanga zilizosagwa na kijiko cha mawese, na uji wa Baraka hauoni haya mbele ya uji wowote wa dukani. Minembwe hakuna ndagala wengi, lakini kuna maharage na viazi: yapike mpaka yaive kabisa, yaponde, toa maganda. Wenye uwezo wa kusaga huchanganya mahindi, soya na mtama, ule unga tunaouita masoso.

Waganda walilijua hili zamani. Kituo cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa Mulago, Kampala, miaka ya 1960, hakikuishia kuwatibu watoto wenye utapiamlo. Kiliwakalisha akina mama kuzunguka jiko, wakapika mchanganyiko wa ndizi au viazi na maharage, karanga au samaki, kwa chakula wanachokipata kwao. Mama aliyerudi nyumbani alikuwa na ujuzi ambao dawa haikuweza kumpa.

Kuna jambo la pili kwenye sufuria: saa. Uji hupikwa alfajiri, mama anakwenda shambani, na mtoto analishwa na dada yake mpaka jioni kutoka kwenye sufuria ileile. Watafiti wa Keneba waliupima uji wa namna hiyo msimu wa mvua wakakuta umejaa vijidudu baada ya saa chache. Mama wa namna hiyo yuko njia panda: asipoongeza chakula mtoto anadumaa, akiongeza mtoto anahara. Tajiri haijui njia panda hiyo, kwa kuwa ana friji, gesi na bomba. Ushauri wangu ni mdogo lakini unafanya kazi: pika kidogo, chemsha tena kabla ya kumlisha, na nawisha mikono ya dada mlezi kwa sabuni. Huyo dada mwenyewe ana miaka minane. Mafunzo ya lishe yasiyomhusu yeye yameacha mpishi nje.

7. Mama asiye na muda ni maskini popote alipo

Mwanzoni niliita tajiri jamii yoyote yenye fedha. Simu za Marekani zimenibadilisha. Ndugu zetu wanaofanya kazi viwandani kule hurudi kazini wiki chache baada ya kujifungua, kwa kuwa sheria ya nchi nzima haimlazimishi mwajiri kulipa likizo ya uzazi. Mtoto huenda kwa mlezi, na maziwa hukauka mama akiwa zamu ya usiku. Norway, kwa upande mwingine, wazazi hugawana karibu mwaka mzima wa likizo yenye malipo, na watoto wa Oslo wakawa miongoni mwa waliochorewa chati ya dunia.

Kwetu, Sheria ya Kazi ya 2002 inampa mwanamke mwajiriwa wiki 14 za likizo na, anaponyonyesha, mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Ni sheria nzuri. Lakini jembe halina mwajiri. Mama wa Fizi huenda mbali shambani kwa sababu mashamba ya karibu yamekwisha kulimwa au si salama, na mtoto akibaki nyumbani hanyonyi tangu asubuhi. Nimeona familia zilizotatua hili bila shirika lolote. Mume alichukua palizi ya wiki za mwanzo, au wake wa ndugu wawili walilima kwa zamu, mmoja shambani na mwingine na watoto. Mtoto wa nyumba hiyo utamtambua kwenye mizani.

8. Mimba ya haraka humnyang'anya mtoto

Bwaki, yaani kwashakoo, twaijua wote Kivu: nywele zinabadilika rangi na kunyofoka, miguu inavimba, mtoto ananuna na kukataa chakula. Wageni hudhani amenenepa. Bonyeza juu ya mguu, shimo linabaki. Nikiwauliza wazazi, mara nyingi jibu ni lilelile: mama alipata mimba, akamwachisha mtoto siku hiyohiyo, kwa imani kwamba maziwa ya mimba ni sumu.

Si sumu. Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila zaidi, na mtoto anaweza kuachishwa polepole akiwa tayari anakula vizuri. Bora zaidi ni kuitangulia mimba. Kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, bila kitu kingine, huchelewesha mimba katika miezi sita ya kwanza hedhi isiporudi. Baada ya hapo, mume na mke waende pamoja kwenye kituo cha afya kuuliza njia nyingine. Nasema pamoja, kwa sababu mke akienda peke yake hurudi na ushauri ambao mume hajaukubali.

9. Usiusingizie ukoo

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kivu Kusini ilivuka nusu. Kwenye mizani wengi wao huonekana wazima, kwa kuwa mtoto mfupi hubeba uzito unaolingana na ufupi wake. Ndiyo maana naomba ubao wa kupimia urefu uwepo kila mahali penye mizani.

Nikitaja urefu, watu hunijibu kwa kabila: wale wamezaliwa warefu, sisi ni wafupi. Utafiti uliotengeneza chati ya 2006 ulilipima hilo. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana kati ya watoto wale, sehemu iliyotokana na nchi walikozaliwa ilikuwa kama asilimia tatu tu. Sehemu kubwa kabisa ilitokana na tofauti za mtoto mmoja na mwingine ndani ya mji uleule. Mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo walikua sawa walipolelewa sawa. Wa Minembwe, Fizi na Baraka hawana sababu ya kuwa kando.

Kwa hiyo, mama akikuuliza kama maziwa yake yanatosha, usimjibu kabla hujamuuliza mengine. Mtoto alizaliwa na kilo ngapi? Ananyonya mara ngapi, na usiku je? Amepewa nini zaidi ya titi? Uji una nini ndani, na ulipikwa saa ngapi? Nani anamlisha ukiwa shambani? Umepata mimba? Kisha, kama amefikisha miezi sita, mfunge utepe mkononi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, mpeleke kituoni leo. Kati ya 115 na 125 ni njano, rudi jikoni na umpime tena wiki ijayo. Na majibu ya maswali hayo mweleze baba yake pia, kwa sababu karibu kila tulichokitaja kinahitaji mikono miwili zaidi.